Shajara ya Mradi: Kutafuta Faili la Kuuzia Klipu za Macho Mawili

6 Januari 2025

Leo tumefunga hesabu ya kurekodi iliyoanza Desemba, kaskazi iliposhika, na mkononi tuna klipu 43 za 3D, zilizorekodiwa kwa kamera mbili kama macho mawili: mafundi wa majahazi wa Nungwi, Unguja, wakichonga mbao na kutia kalafati, ngalawa zikitoka alfajiri, mashua zikishusha mizigo Malindi, na watu wakipita vichochoroni Mji Mkongwe. Kila klipu ina mafaili mawili, moja la kamera ya kushoto na moja la kamera ya kulia, kila moja likiwa na pikseli 3840 kwa 2160 na fremu 50 kwa sekunde. Tulidhani sehemu ngumu imekwisha. Mwenzangu alikuwa ameshaanza hata kuandika maelezo ya kuuzia, mpaka tulipojiuliza swali ambalo kwa kulitazama ni dogo: mnunuzi akishalipa, tumkabidhi faili gani?

Mtu anaweza kuuliza ni nani anayenunua picha za 3D siku hizi. Televisheni zake zilikufa machoni petu. Kufikia mwaka 2017 hata LG na Sony walikuwa wameziondoa katika matoleo yao mapya. Lakini miwani ya VR imerudisha haja. Simu ya iPhone 15 Pro iliongezewa uwezo wa kurekodi video za macho mawili Desemba 2023, na Februari 2024 Apple ikaanza kuuza miwani yake ya Vision Pro nchini Marekani. Mbali na hao, kuna kumbi za maonyesho zenye projekta mbili, na kuna wahariri wanaotaka kuingiza sekunde 10 za bahari ndani ya kazi yao wenyewe. Kila mmoja ana mashine yake na desturi yake, na sisi hatutamjua kabla hajanunua.

9 Januari

Tumeanza na fomati inayojulikana kuliko zote, ile ya kuweka picha mbili ubavu kwa ubavu ndani ya fremu moja ya ukubwa wa kawaida. Katika fremu yenye upana wa pikseli 1920, kila jicho hubanwa hadi pikseli 960, kisha televisheni huivuta kila picha na kuirudishia upana wake. Kanuni za HDMI (waya wa televisheni) toleo la 1.4a, za mwaka 2010, zilizitaka televisheni za 3D ziitambue fomati hii, na kwa sababu hiyo ilienea kote. Sifa yake ni kwamba inapita popote inapopita video ya kawaida: haihitaji kodeki (namna ya kubana video) ya pekee, haihitaji programu ya pekee, na hakuna mashine inayoikataa.

Tulitengeneza sampuli tatu za namna hiyo na kuzitazama jioni nzima, na mimi nimeikataa moja kwa moja. Kina chote cha picha ya macho mawili kimo katika mlalo. Nukta ya mlingoti ulio karibu husimama mahali pamoja katika picha ya kushoto na mahali pengine kidogo katika picha ya kulia, na ubongo husoma umbali kutokana na mwachano huo. Ukipunguza pikseli za upana kwa nusu, umepunguza kwa nusu pia hatua zinazotenganisha karibu na mbali. Katika klipu ya alfajiri, ambamo ngalawa tatu zimepangana moja nyuma ya nyingine, sampuli yetu iliziweka zote tatu juu ya bapa moja kama picha zilizokatwa kwa mkasi na kubandikwa.

Fomati ya kupanga picha juu na chini hubana urefu badala ya upana, na kwa sababu hiyo hutunza kina vizuri zaidi. Kama ningelazimishwa kuchagua fomati ya nusu, ningechukua hiyo bila kusita. Lakini muuzaji hana sababu ya kujilazimisha. Pikseli zilizotupwa hazirudi, na mnunuzi anayetaka nusu anaweza kuipata kutoka kwenye picha kamili kwa amri moja ya FFmpeg, programu ya bure ya kugeuza video.

15 Januari

Kundi la pili ni fomati zinazohifadhi jicho moja kamili na kulieleza jicho la pili kwa tofauti zake tu. MVC, nyongeza ya kodeki ya H.264 iliyokamilishwa mwaka 2009, ndiyo iliyobeba diski za Blu-ray 3D. MV-HEVC, nyongeza ya mwaka 2014 ya HEVC, kodeki iliyoirithi H.264, ndiyo ambayo Apple wanaitumia katika video zao za macho mawili. Wazo ni la busara, kwa sababu picha mbili zilizopigwa kwa nafasi ya sentimita chache hufanana kwa sehemu kubwa. Watu wa Blu-ray walikadiria kwamba jicho la pili huongeza takribani asilimia 50 tu juu ya uzito wa jicho la kwanza, hali mafaili mawili kamili huongeza asilimia 100.

Sifa inayosifiwa zaidi ya fomati hizi ndiyo iliyotukwaza. Mashine isiyoijua nyongeza husoma jicho la msingi peke yake, ikaonyesha video ya kawaida, wala hailalamiki. Kwa mtu anayeangalia video ya familia hilo ni jambo jema. Kwa mtu aliyelipa bei ya macho mawili ni balaa, maana hakuna ujumbe wa kosa unaomwambia kwamba jicho la pili limeachwa nje. Tulimpelekea sampuli ya MV-HEVC mhariri mmoja tunayefahamiana naye, naye akatujibu kwa adabu kwamba picha ni nzuri, ila tumesahau kumtumia upande wa kulia. Upande wa kulia ulikuwamo ndani ya faili lile lile.

Zana zinaanza kufika. FFmpeg ilianza kusoma MV-HEVC katika toleo la 7.1, na x265, programu ya kuandika HEVC, ikaanza kuiandika katika toleo la 4.0, yote mawili Septemba 2024. Lakini hata hiyo FFmpeg, usipoiagiza waziwazi, hukutolea jicho la msingi tu. Tumekubaliana kwamba MV-HEVC ni fomati ya kutazamia. Mwenye miwani akiihitaji tutamtengenezea. Kuifanya kuwa bidhaa yenyewe, hapana.

21 Januari

Yamebaki mawili: kuuza mafaili mawili kamili, au kuyaunganisha ubavu kwa ubavu bila kubana, fremu ikawa na pikseli 7680 kwa 2160.

Moyo wangu uko kwenye mafaili mawili. Ndivyo picha ilivyozaliwa, ndivyo programu ya uhariri kama DaVinci Resolve Studio inavyoipokea, kwa kuunganisha klipu ya kushoto na ya kulia, na hakuna njia ambayo jicho moja linaweza kujificha ndani ya jingine. Mwenzangu aliniuliza swali moja lililonifunga mdomo: mnunuzi akipakua la kushoto, mtandao ukakatika, akasahau la kulia, kosa ni la nani? Isitoshe, soko la mtandaoni tulilolichagua hupokea faili moja kwa kila bidhaa. Hatuwezi kuuza jozi ya viatu katika duka linalokubali kiatu kimoja kimoja.

Basi tukapakia klipu ya majaribio ya ubavu kwa ubavu kamili. Siku mbili baadaye ilirudishwa kwa maelezo kwamba picha imerudiwa mara mbili katika fremu na tuhakiki kazi yetu kabla ya kuituma. Aliyeikagua aliona ngalawa mbili zinazofanana, akadhani tumekosea kuunganisha. Simlaumu sana; maelezo yetu yalianza na habari za Nungwi na kaskazi, na neno 3D likaja katika mstari wa nne. Tumeliweka mwanzoni kabisa mwa kichwa cha bidhaa, tukaituma tena, na safari hii imepita.

29 Januari

Juma lote hili limekwenda katika jambo ambalo sikulihesabu kuwa sehemu ya kuchagua fomati, nalo ni kiasi gani cha kazi tuifanye sisi kabla ya kufunga faili.

Kamera zetu husimama sambamba, lenzi zikiachana kwa sentimita 11 kwa kuwa miili yake haikubali kukaribiana zaidi. Kwa kanuni ya zamani ya moja ya thelathini (lenzi zisiachane zaidi ya moja ya thelathini ya umbali wa kitu cha karibu), kitu cha karibu kabisa katika picha kisiwe karibu zaidi ya mita 3.3, na tuliifuata. Picha zilizopigwa sambamba huweka upeo wa macho juu ya skrini yenyewe na kukirusha kila kilicho karibu mbele yake, kwa hiyo kabla ya kuonyeshwa ni lazima picha moja isogezwe kwa mlalo kuhusu nyingine, ili kitu fulani kikae sawa na skrini na kilicho nyuma yake kirudi nyuma. Swali ni kusogeza kwa kiasi gani, na jibu hutegemea skrini ya mtu mwingine.

Tulipiga hesabu ili tusibishane kwa hisia. Nafasi kati ya macho ya mtu mzima ni takribani milimita 65. Juu ya televisheni yenye upana wa mita 1, milimita 65 ni sawa na pikseli 250 kati ya 3840. Juu ya skrini ya sinema yenye upana wa mita 12 ni sawa na pikseli 21 tu. Tukisogeza kwa pikseli 60, kiasi kinachopendeza kwenye televisheni, ile mandhari ya nyuma katika sinema itaachana kwa sentimita 19, karibu mara tatu ya nafasi ya macho, na mtazamaji atalazimika kuyapeleka macho yake nje kama mbuni. Na kila tunaposogeza, kingo za picha hukatwa ili zilingane, na kilichokatwa ndicho ambacho mhariri wa sinema angekihitaji kurekebisha kosa letu.

Kwa hiyo tumegawana kazi na mnunuzi asiyejulikana. Makosa ya wima, mzunguko mdogo wa kamera moja kuhusu nyingine, na tofauti ya rangi kati ya lenzi mbili, hayo tunayarekebisha sisi, kwa sababu hakuna skrini duniani inayoyahitaji. Maamuzi ya mlalo tunayaacha wazi: picha inauzwa bila kusogezwa wala kukatwa, na kiasi tunachopendekeza kinaandikwa kwa pikseli katika karatasi ya maelezo, pamoja na nafasi kati ya lenzi na pembe ya kuona. Namba hizo mbili za mwisho zitafaa pia siku atakapokuja mtu anayetaka MV-HEVC, maana video za Apple huzibeba ndani ya faili.

4 Februari

Tumegundua kosa katika klipu za baharini. Ngalawa moja inayokatiza kutoka kushoto kwenda kulia inaonekana kukaa karibu kuliko maji inayoelea juu yake.

Kamera zetu hazina waya wa kuzilandanisha. Tunaziwasha kwa rimoti moja, tunapiga kofi mbele ya lenzi, kisha tunapanga fremu kwa kufuata kofi. Kwa fremu 50 kwa sekunde, kila fremu ni milisekunde 20, na upangaji wa namna hiyo huacha kosa lisilozidi nusu ya fremu, yaani milisekunde 10. Inaonekana si kitu. Lakini chombo kinachokwenda mita 3 kwa sekunde husafiri sentimita 3 katika milisekunde 10, na kwa kuwa lenzi zetu zimeachana sentimita 11 tu, ni kana kwamba kwa ngalawa ile peke yake tumeibadilisha nafasi ya macho kwa zaidi ya robo. Chombo kikienda upande mmoja husogea mbele, kikienda upande wa pili hurudi nyuma. Kama tungerekodi kwa fremu 25, kosa lingeweza kufika sentimita 6.

Siku tuliyokuwa tukifunga kamera ufukweni, nahodha mmoja alituuliza, «Wanangu, chombo kimoja kamera mbili, hii nyingine ya akiba?» Tukamwambia, «Hapana mzee, moja ni jicho la kushoto na moja la kulia.» Akasema, «Haya, basi zifumbueni pamoja.» Tulicheka. Leo nimelikumbuka neno lake kwa namna nyingine.

Hakuna fomati inayoweza kuliponya kosa hili, na hatutaliuza. Klipu 3 zimeondolewa. Zilizobaki baharini ni zile ambazo chombo kinaelekea kwenye kamera au kinatoka, ambapo mwendo wa mlalo ni mdogo.

13 Februari

Kodeki. Niliwahi kudhani kwamba H.264 ingetosha, kwa kuwa kila mtu anaifungua. Lakini fremu ya 7680 kwa 2160 inavuka ngazi ya 5.2 ya H.264, ambayo ndiyo kikomo cha vifaa vingi, na kadi nyingi za michoro za NVIDIA husimbua H.264 hadi upana wa pikseli 4096 tu, hivyo mzigo unaangukia kichakataji na picha inakwama. HEVC inapita hapo. Tatizo lake ni jingine, nalo tuliliona kwenye maji. Bahari yenye jua ina vimetameta ambavyo kwa asili havifanani machoni mwote, kwa kuwa kila jicho hupata mwako wake. Juu ya hayo, kodeki ikibana kwa nguvu huacha madoa yake ya uwongo, na madoa ya kushoto hayafanani na ya kulia. Katika video ya kawaida usingeyaona. Ukiyatazama kwa macho mawili, maji yanachemka, na baada ya dakika moja kichwa kinauma.

ProRes, kodeki ya Apple kwa ajili ya wahariri, hubana kila fremu peke yake, kwa kiwango kikubwa cha data, na kuchemka huko hakupo. Kwa pikseli 3840 kwa 2160 na fremu 50, ProRes 422 hulenga megabiti 983 kwa sekunde na ProRes 422 HQ megabiti 1475, yaani macho mawili pamoja ni 1966 na 2950. Klipu ya sekunde 15 inakuwa na gigabaiti 3.7 kwa 422 na 5.5 kwa HQ. Soko letu halipokei faili linalozidi gigabaiti 4, na kamera zetu zenyewe zilirekodi kwa megabiti 150, kwa hiyo HQ ingetuongezea uzito kuliko picha. Tumechukua 422. Kwa mtandao wetu unaopandisha megabiti 8 kwa sekunde siku njema, klipu moja ya sekunde 15 ni takribani saa moja, hivyo tutapakia usiku.

Jambo dogo lililotugharimu siku nzima: ProRes iliyoandikwa na FFmpeg bila kutajiwa rangi za Rec. 709, kanuni ya rangi za video ya kawaida ya HD, ilifunguka katika programu moja mbingu ikiwa imepauka. Sasa amri yetu inazitaja. Sauti imekaa kama kawaida, njia mbili.

20 Februari

Uamuzi umeandikwa. Kila klipu itauzwa kama faili moja la ProRes 422, ubavu kwa ubavu bila kubana, pikseli 7680 kwa 2160, fremu 50, jicho la kushoto likiwa kushoto. Jicho la kushoto peke yake litauzwa pia kama klipu ya kawaida kwa bei ya kawaida. Ni kazi ile ile, na wanunuzi wa kawaida ni wengi zaidi. Mafaili mawili ya asili yanabaki kwenye diski zetu mbili, moja kwangu na moja kwa mwenzangu, kwa ajili ya atakayetuandikia moja kwa moja akiyataka.

Mpangilio wa macho tumeuandika katika jina la faili, kama ngalawa_014_SBS_LR, yaani ubavu kwa ubavu (side by side), kushoto kisha kulia (left, right). Vipo visanduku vya kuhifadhia habari hiyo ndani ya faili, kile cha st3d kilichopendekezwa na Google kwa MP4 na kile cha StereoMode katika Matroska, aina nyingine ya faili la video, lakini soko hutengeneza sampuli zake upya na tumeona kwamba kinachobaki salama baada ya safari hiyo ni jina.

Tulipokuwa tukihakiki majina tulikuta klipu 2 ambazo macho yamebadilishana, kosa langu la kupanga kadi. Wapo wanaotazama kwa kukingamanisha macho, nao hupanga kulia kwanza kwa makusudi, hivyo mnunuzi hawezi kujua kama umekosea au ndiyo desturi yako. Tumeongeza kipimo katika karatasi ya maelezo: tazama mlingoti ulio karibu ukiulinganisha na kilicho nyuma yake; katika picha ya jicho la kushoto ni lazima usimame kulia zaidi kuliko katika picha ya jicho la kulia. Ukikuta kinyume, yabadilishe, na utuandikie.

Klipu 40 zimebaki, 38 ziko tayari, na hizo 2 zinaandikwa upya wakati ninapoandika haya. Ya kwanza itaanza kupanda saa nne usiku, watu wa mtaa wakishaacha mtandao. Mwenzangu ameazima kamera za aina nyingine, zenye waya wa kulandanisha, na kaskazi ikiwa bado inavuma juma lijalo tutarudi Nungwi kuzipiga upya zile 3 za ngalawa inayokatiza.